Kinini Isiyo Chungu

Sokoni Kasongo hakuna anayenunua kinini bila kuilamba. Muuzaji anafungua kitambaa, mnunuzi anachukua kidonge, anakigusa kwa ncha ya ulimi, uso unakunjamana, anatema mate pembeni, ndipo bei inaanza kuzungumzwa. Mnunuzi asipokunja uso, muuzaji anajua ni wakati wa kufunga kitambaa chake na kuondoka kabla watu hawajakusanyika. Maana wametuuzia chaki hao. Wametuuzia unga wa muhogo ulioshindiliwa ndani ya kifuniko cha chupa na kukaushwa juu ya bati. Wako watu hapa wamezika watoto waliokuwa wakimeza chaki na mama zao wanashukuru. Kwa hiyo tukajifunza kulamba. Mzungu hakutufundisha hilo, wala padri. Tulijifundisha wenyewe, na lilitusaidia.

Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kusikia kwamba mama mkwe wangu ni mjinga. Mimi mwenyewe nilimkasirikia, tena vibaya, na hasira hiyo sijaimaliza. Lakini mjinga hakuwa. Alilamba dawa ya mtoto wangu kama mtu yeyote mwenye akili wa mji huu angeilamba, na ulimi wake ukamwambia kitu ambacho kwa miaka yote kilikuwa kweli. Siku ile hakikuwa kweli. Binti yangu ndiye aliyelipa, kwa masikio yake.

Wakati huo binti yangu alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa. Alikuwa mtoto wa kelele. Ukimwita anageuka mwili mzima, anaanguka, anacheka. Mama mkwe alikuwa ametoka Lusangi kuja kunisaidia tangu nijifungue, na hakurudi, kwa sababu mume wangu alikuwa karani wa ghala kule kwenye mgodi wa dhahabu Salamabila na alikuja nyumbani pale lori lilipopatikana. Nyumba ilikuwa ya wanawake watatu, mmoja hana meno, mmoja anayaota, na mimi katikati.

Mimi nilikuwa monitrisi, mwalimu wa wasichana, katika shule ile ile iliyonifundisha. Ilikuwa shule ya mamere, ndivyo tulivyowaita watawa wa kizungu. Nilikuwa na diploma. Niseme wazi ilikuwa diploma ya nini: kushona, kutarizi, kupiga pasi, kuosha mtoto, Kifaransa cha kutosha kusema ndiyo na asante, na hesabu kidogo. Ng'ambo ya barabara, kwa mafurere, yaani mabruda wa kizungu, kaka zetu walifundishwa mambo ya maji na hewa, na namna kitu kimoja kinavyochanganyika na kingine kikazaa cha tatu. Siku moja nilimwuliza mamere wetu kwa nini sabuni inaondoa mafuta na maji matupu hayaondoi. Akanitazama kwa huruma. Akaniambia mume wangu hataniuliza jambo hilo hata siku moja. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, ili yaishe.

Mwanzoni mwa mvua mtoto akapata homa. Homa yenyewe hainishangazi, huku kwetu mvua na homa zinakuja zimeshikana mikono. Nikambeba mpaka dispanseri. Pale kulikuwa na muuguzi mmoja, mtu wetu wa hapa hapa, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi kuliko langu, aliyependa tumwite munganga, yaani daktari. Akanipa vikaratasi vilivyokunjwa, ndani kuna unga mweupe. Akasema hii ni kinini mpya ya watoto, haina uchungu, mtoto hatatapika. Nikamwuliza kama ni kinini ile ile.

"Ni kinini, mama. Pita," akasema, na akamwita aliye nyuma yangu.

Ndiyo mafunzo yote niliyopewa. Nimeyarudia mara nyingi kichwani, nikitafuta kama kulikuwa na neno jingine nililolisahau. Hakuna. Maneno manne, na moja lilikuwa la kunifukuza.

Mtoto akanywa unga ule ndani ya maziwa yangu, kwa kijiko. Hakulia. Hakukunja uso. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, akainua kichwa. Yeye alikuwa amelea watoto wengi na kuwapa kinini watoto wa watoto wake, na hajaona mtoto anameza kinini kama uji. Akauliza dawa iko wapi. Nikamwambia ndiyo hiyo amekwisha kunywa. Akauliza mbona halii. Nikamjibu, kwa ile sauti ya mtu mwenye diploma, kwamba ni ya kisasa, haina uchungu. Akarudi kwenye mchele wake. Kumbe nilipotoka kwenda kumwaga maji alikiokota kile kikaratasi akakilamba. Hakikuwa na uchungu hata kidogo. Kilikuwa kama chaki.

Asubuhi mtoto bado anachoma. Kinini haiondoi homa kwa usiku mmoja, hilo hata yeye alilijua, lakini alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba hii siyo kinini. Angeniambia, ndiyo. Nami ningemjibu nini? Nilikuwa nimekwisha kumjibu jana yake. Nikampa mtoto kikaratasi kingine, nikaenda kufundisha wasichana namna ya kupinda upindo.

Nilipoondoka, akafungua fundo la kanga yake. Ndani yake alikuwa na vidonge vya mgodini. Kule Salamabila, asubuhi kabla ya kazi, kapita, msimamizi wao, alisimama mbele ya mstari na kila mfanyakazi alimeza kinini yake mbele ya macho yake na kufungua kinywa kuonyesha. Kampuni haikutaka watu waugue, kwani mtu akiugua hachimbi. Makarani walipewa mkononi bila kuonyesha kinywa, kwa heshima. Mume wangu aliviweka mfukoni na kuvituma kwa mama yake. Ilikuwa kinini ya kweli, ya watu wazima, chungu mpaka macho yanatoka machozi. Mama mkwe alisaga kidonge, akakichanganya na ndizi mbivu na asali, akambana mtoto pua, akammezesha. Mtoto akalia. Uso ukakunjamana. Mama mkwe akafurahi. Sasa amekunywa dawa.

Akafanya hivyo tena jioni nilipokwenda kuchota maji. Na kesho yake. Na mimi, kila asubuhi na kila jioni, unga wangu.

Homa ikashuka. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: ilishuka, na nyumba nzima ikashukuru. Mama mkwe alishukuru vidonge vyake kimoyomoyo, mimi nikashukuru unga wangu kwa sauti. Mtoto alikuwa amelegea, anatapika kidogo, anatazama kitu kimoja muda mrefu bila kupepesa, lakini homa inamlegeza mtu, tukasema atapata nguvu.

Kisha mfuniko wa sufuria ukamponyoka mama mkwe. Ukaanguka juu ya jiwe la jiko, nyuma kabisa ya mtoto. Mimi niliruka. Kuku walikimbia. Mtoto aliendelea kucheza na vidole vya mguu wake.

Tukatazamana. Mama mkwe akauokota ule mfuniko, akaupiga kwenye jiwe kwa makusudi. Akaupiga tena. Nikamwambia aache. Nikapiga magoti nyuma ya mtoto, nikamwita jina lake, lile jina la nyumbani ambalo lilikuwa linamfanya aanguke kwa kucheka. Nikaliita polepole, halafu kwa nguvu, halafu nikawa napiga yowe shingoni mwake. Akahisi pumzi yangu, akageuka, akatabasamu. Alifurahi kuniona. Hakujua kama nimemwita.

Nilimbeba vile vile, bila kubadili nguo, nikaenda lopitali ya serikali. Mama mkwe akanifuata nyuma akihema. Sikumwambia abaki wala aje.

Daktari alikuwa Mbelgiji kijana, ana chunusi bado shingoni. Alianza kuzungumza nami kwa Kiswahili cha kuamrisha, kile wanachofundishwa melini: leta mutoto, lala, fungua. Nikamjibu kwa Kifaransa. Hapo akaacha kalamu, akanitazama kwa mara ya kwanza. Niseme ilivyo: kama ningekuwa sina Kifaransa, habari hii ingeishia hapa, maana nisingejua lolote zaidi ya kwamba mtoto amekuwa kiziwi na ndiyo hivyo.

Akapiga makofi nyuma ya masikio ya mtoto. Akagonga chuma. Akauliza nimempa nini. Nikasema unga wa dispanseri, kama nilivyoambiwa. Akasema haiwezekani, kwa kipimo kile unga hauwezi kufanya hivi. Nikasema mimi sikumpa kitu kingine. Akasema basi unasema uwongo, au hukumbuki. Nikawaka. Nikamwambia kwa Kifaransa cha mamere, chenye adabu zote na vous zake zote, ile ninyi ya heshima, kwamba mimi si mwongo, na kwamba kama dispanseri yake inagawa sumu aniambie sasa hivi.

Mama mkwe hakuelewa hata neno moja la Kifaransa, lakini alielewa kwamba naitwa mwongo. Akasogea mezani. Akafungua fundo la kanga, akaweka vidonge vilivyobaki mbele ya daktari.

"Hata hii," akasema. "Miye nilimupa. Ile yenu haikuwa kinini."

Daktari akatazama vidonge, akanitazama, akacheka. Cheko fupi tu, la mtu aliyepata jibu la hesabu. Sikulisahau. Akasema tumempa mtoto kinini maradufu, zaidi ya maradufu, na kinini ikizidi inafunga masikio, na wakati mwingine macho, tushukuru ni masikio. Nikamwuliza inawezekanaje, kwa nini moja ni chungu na nyingine haina ladha kama ni kitu kimoja. Nadhani alitaka kuniambia nisijisumbue. Lakini alikuwa kijana, na hakuna mtu Kasongo aliyewahi kumwuliza swali la shule. Akageuza karatasi akachora.

Akachora vyumba vidogo vyenye pembe, vimeunganishwa kwa kijia kifupi. Akasema hivi ndivyo kinini ilivyojengwa, kila chembe yake, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Huitwa molekuli. Upande huu vyumba viwili vimegusana ukuta, upande ule kitu kama kikapu, katikati kijia. Na hapa kwenye kijia, akagonga kwa kalamu, pameota kitu kidogo. Watu wa viwandani wamekishika kitu hicho wakakifunga mkia. Mkia mdogo tu. Vingine vyote vimebaki kama vilivyo. Basi mkia huo unatosha: unga hauyeyuki kwenye mate, ulimi haupati cha kuonja, mtoto anameza. Lakini ukifika tumboni, maji na ukali wa tumbo vinaukata ule mkia. Mkia ukikatika, kinini imebaki kinini. Ile ile, uchungu wake, nguvu zake, na madhara yake.

Nilielewa papo hapo, na kuelewa kwenyewe kuliniudhi. Ulikuwa mshono wa kushikiza. Ndiyo kazi niliyokuwa nikiwafundisha wasichana wiki ile: unapitisha uzi mrefu wa muda ili nguo ikae, halafu ukimaliza unaufumua, nguo inabaki. Walikuwa wameishikiza kinini ili ipite mdomoni. Tumbo la mwanangu likafumua uzi. Na mama mkwe wangu akaongeza nguo nyingine juu.

Daktari akanogewa. Akasema iko nyingine ya ajabu zaidi: vyumba vile vile, chembe zile zile, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, ila mahali pale kwenye kijia mkono umegeukia upande mwingine. Basi hiyo hupewa watu ambao moyo wao unapiga ovyo. Ninyi wanawake, akasema, mtaona ni kitu kile kile. Nikamwambia hapana, sisi wanawake tunajua kwamba mkono wa kushoto ukiushona kulia, kitambaa ni kile kile na uzi ni ule ule na vipimo ni vile vile, lakini blauzi haivaliki. Akasema, ndiyo, ni kama hivyo.

Halafu nikauliza unga ule umetoka wapi, kwa sababu sikuwahi kuuona kabla. Hapo akaanza kupanga kalamu zake. Ulitoka lopitali ya wazungu, juu kule. Watoto wao walikuwa wanakunywa unga huo tangu zamani. Tangu zamani! Mimi nimebanwa pua nikiwa mtoto, mama yangu amebanwa pua, watoto wa Kasongo nzima wametapikia akina mama migongoni, na juu ya kilima dawa isiyo chungu ilikuwa rafuni inangoja watoto wenye nywele za manjano. Sasa wao wamepata kidonge kipya, akaniambia, ambacho ndani yake wamebakiza kipande cha umbo lile la kinini na kukifunga mkia wa namna nyingine kabisa, kinafanya kazi vizuri zaidi. Kwa hiyo makopo ya unga yaliyobaki yakateremshwa kwetu, yasitupwe.

Sikuwa na shida na makopo kuteremka. Mtoto wangu alimeza bila kulia, nami nilifurahi. Shida yangu ni kwamba waliteremsha makopo na kuacha maneno kule juu. Waliondoa uchungu, na uchungu ndio ulikuwa kipimo chetu, cha pekee, tulichojitafutia wenyewe dhidi ya wachuuzi ambao serikali haikuwahi kuwakamata. Wakaondoa kipimo hicho bila kutuambia. Kisha mtu akicheka, anacheka kwa kuwa mama mzee amelamba karatasi.

Nikamwuliza kama masikio yatarudi. Akasema mara nyingi yanarudi, kinini ikitoka mwilini. Wakati mwingine hayarudi. Tungoje. Nikamwuliza kama atawaambia wanawake wengine wanaopewa unga ule. Akasema kwa upole, na upole wake ulinichukiza kuliko cheko lake:

"Ukiwaambia dawa inaweza kuziba masikio, hawatakuja tena. Unawajua watu wako."

Nikasema ndiyo, nawajua. Nikamchukua mtoto.

Njiani mama mkwe alikuwa nyuma yangu, hasemi. Nilitamani aseme kitu ili nipate pa kumshika. Tulipofika nyumbani nilimwambia yote ambayo mke hapaswi kumwambia mama wa mume wake. Sitayaandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kwa nini mtu achukue kinini halafu aifiche isijulikane kuwa kinini. Nikamweleza mkia, nikamweleza tumbo. Akafikiri. Akasema wachuuzi wa chaki wanajifanya wana kinini, na hawa wana kinini wanajifanya wana chaki, sasa mutu atamujua nani. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Mume wangu akaja na lori. Alikaa na mtoto mapajani, akapiga vidole sikioni, akaacha. Ndugu zake wakaja pia, na wakaanza kule ninakokujua: nani amemfunga mtoto masikio, nani alikuwa na kijicho na ndoa hii, nani tumwendee kule Kabambare ajuaye mambo hayo. Nikawaambia hakuna aliyefunga kitu. Ni kinini. Wakaniambia kinini haizibi masikio, wao wameimeza maisha yao yote, na mimi ni mtoto wa mamere sijui mambo. Mume wangu alitazama chini. Yeye ndiye aliyetuma vile vidonge, na alijua, na aliona ni afadhali iwe uchawi wa jirani kuliko mfuko wa suruali yake. Nilimwambia hivyo mbele yao. Usiku ule alilala kwa kaka yake.

Majuma yakapita, mtoto hasikii. Alikuwa amejifunza kunitazama mdomo. Hilo watu walilipenda, walisema ona anavyompenda mama yake. Mimi lilinivunja. Alikuwa ameacha pia kutoa zile kelele zake za ba-ba-ba. Nyumba ikawa kimya kama nyumba ya watu wazima.

Ikafika siku ya kupima watoto. Siku hiyo wanawake wa mji na wa vijiji vya karibu wanakuja dispanseri, watoto wanawekwa mmoja mmoja juu ya mzani, kisha wanagawiwa vitu: sabuni, wakati mwingine maziwa ya unga, na wenye homa wanapewa vile vikaratasi. Nilikwenda nimembeba mtoto mgongoni. Mama mkwe alinifuata tena bila kuulizwa. Mstari ulikuwa umefika mpaka barabarani. Kwenye mikono ya wanawake waliokuwa wanatoka nikaviona vikaratasi. Mmoja alikuwa amesimama kando ya ukuta, amefungua chake, ametoa ulimi.

Nikamwambia lamba, mama, lamba sana. Akashtuka akakificha. Nikamwambia usifiche. Nikasimama pale kwenye ngazi, mahali ambapo wasichana wangu wa shule wangeniona wakaona aibu, nikaanza kusema. Nilisema unga huu ni kinini ya kweli ingawa hauna uchungu. Nilisema umefungwa ili ulimi usiujue, na tumbo linaufungua. Nilisema msiongeze ya mgodini juu yake, msiongeze ya sokoni, hata mtoto akichoma vipi. Mmoja akacheka akasema monitrisi amepata kazi mpya. Mwingine akauliza, nani amekuambia? Ningewapa nini? Mchoro wa mzungu? Mshono wa kushikiza?

Ndipo mama mkwe akapita mbele yangu. Mtu mdogo, mguu mmoja unavuta. Akasimama ngazi ya chini, akasema kwa Kibangubangu kwanza, halafu akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Huyu ni mujukuu yangu. Hasikii. Miye nililamba ile unga, nikaona haiko chungu, nikamupa ya baba yake juu. Miye. Hakuna muloji."

Hakuna aliyecheka tena. Mama mkwe hakulia, wala hakuomba msamaha, wala hakunitazama. Wanawake wawili karibu na mlango walitazamana, na mmoja wao akafungua pindo la nguo yake, akatoa vidonge viwili, akavitazama kama mtu aliyeokota nyoka. Basi si sisi tu. Nyumba ngapi zilikuwa zinafanya hivyo, sijui, hakuna aliyehesabu.

Muuguzi akatoka. Koti jeupe, pasi kali. Alikuwa amesikia. Akasema ninaharibu kazi ya serikali, ninatia watu hofu, nitaondolewa shuleni, nitaitiwa polisi. Nikamwambia nilikuuliza, siku ile, kama ni kinini ile ile, na ukaniambia nipite. Akashuka ngazi akaja karibu na uso wangu, mishipa imemtoka shingoni, akafoka kwa nguvu zake zote:

"Toka hapa!"

Mgongoni mwangu mtoto akaruka. Nilihisi miguu yake miwili ikinibana ubavuni. Kisha akaangua kilio.

Sikusogea. Sikuwa na hakika. Labda aliona uso wa yule mtu. Lakini alikuwa amelala, shavu lake lilikuwa begani mwangu, nilikuwa nahisi mate yake kwenye blauzi. Nikamwambia muuguzi:

"Rudia."

Akasema nini? Nikamwambia fokea tena, munganga, kama ulivyofoka sasa hivi. Akanitazama kama mwenda wazimu. Akaanza kunong'ona kwamba niende nyumbani nikapumzike. Nikamwambia sitaki unong'one. Alikuwa amenifokea bila mimi kutaka, sasa nataka, hawezi.

Mama mkwe hakuhitaji kuelezwa. Alijisogeza upande wa kulia wa mgongo wangu, mahali ambapo mtoto hakuweza kumwona, akamgeukia yule muuguzi, na akamtukana. Kwa Kibangubangu, kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alimtukana yeye na koti lake na mama aliyempigia pasi. Wanawake waliojua lugha waliziba midomo. Na mtoto, katikati ya kilio, akageuza kichwa. Kulia. Kuelekea bibi yake.

Mama mkwe akahamia kushoto, akaendelea. Mtoto hakugeuka. Akazidisha sauti mpaka akakohoa. Hakugeuka. Akarudi kulia, akaita tu, polepole, lile jina la nyumbani, na kichwa kikazunguka.

La kushoto halikurudi, siku ile wala baadaye. Sasa anakimbia, anaongea maneno mengi kuliko nafasi, na ukitaka kumwambia kitu unahama upande. Daktari aliniambia nina bahati. Nilimwambia bahati ni neno la mtu ambaye masikio yake yote mawili yako salama. Shuleni waliniita ofisini kunionya, nami nikawaonya wao. Vikaratasi viliendelea kugawiwa, bila neno.

Lakini asubuhi ile nilisimama pale ngazini sijaondoka, muuguzi ameingia ndani na kufunga mlango, mstari wote unanitazama. Mtoto alikuwa bado analia. Nilimwacha alie. Nilitaka asikie sauti yake mwenyewe.